Aliyekalia Kigoda cha Baba

Hapa Dodoma watu huniita wanapokuwa na jambo gumu la kusemwa. Mume na mke wakinuniana, au wakwe wakishinda mchana kutwa bila kuafikiana, hutumwa mtu kuja kunichukua. Mimi huenda, husikiliza, na mara nyingi kabla jua halijatua watu huwa wanakula chungu kimoja. Wengi hudhani nilizaliwa na ulimi huu. Sikuzaliwa nao. Nilipokuwa kijana, wakati wa Mdachi, nilikuwa mtu mkavu, na maneno yangu yalikuwa sahihi na hayakumsaidia mtu. Ninachokijua leo nilikipata kwa mtu mmoja, katika msimu mmoja wa mvua. Tangu aondoke sijamwona tena. Ninaandika haya kwa sababu nina hamu naye, na hamu hiyo haijapungua kwa jinsi ninavyozidi kuota mvi.

Kwetu kulikuwa magharibi kidogo ya mahali ambapo baadaye stesheni ilijengwa. Nyumba ilikuwa tembe ya kawaida, kuta za udongo na paa bapa la udongo, vyumba vimeuzunguka ua wa ng'ombe. Jirani palikuwa na korongo la mchanga ambamo wakati wa kiangazi tulichimba visima. Kwa ajili ya visima hivyo, misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakienda na kurudi pwani ilipiga kambi pale tangu zama za babu yangu. Wakubwa wetu waliwatoza hongo ya kupita, na watu wadogo kama babu na baba waliwauzia maji. Mwisho wa kiangazi maji yale yalikuwa na tope, nao waliyanunua hivyo hivyo, kwa matusi mengi. Mama alijifunza Kiswahili cha njiani pale kisimani, kwa kubishana na wapagazi. Mimi nilijifunza nikiwa mgongoni mwake.

Kisha reli ikaanza kuja kutoka mashariki, na misafara ikapungua. Kodi ya Mdachi ilitakiwa kwa rupia, wala rupia haikuota shambani. Baba akaenda kwenye kazi ya tuta la reli mwanzo wa kiangazi. Kabla ya kiangazi kwisha akaja mtu tusiyemjua, amechukua blanketi la baba na shoka lake. Alikaa, akanywa maji, akaeleza: ilikuwa homa, haikuchukua siku nyingi, na maiti ilizikwa kando ya tuta pamoja na wengine. Tulimwomba alale. Akasema hawezi, kwa kuwa alikuwa na blanketi jingine begani, la nyumba nyingine iliyokuwa mbele.

Mama alilipokea blanketi, akalikunja, akaliweka juu ya mbegu. Tangu wakati huo hakusema neno.

Msomaji asidhani kwamba aliugua. Alikamua ng'ombe, alitwanga uwele, alichota maji, aliwasuka wadogo zangu wa kike nywele zao. Akitaka kitu alikionyesha kwa kidevu. Hakulia pia. Ila sauti yake haikuwapo, na nyumba ambayo tangu nizaliwe ilikuwa na ugomvi mzuri wa asubuhi hadi jioni ikawa kama nyumba ya wageni. Jambo baya zaidi lilikuwa salamu. Kwetu Ugogo salamu ni kazi. Mtu akikuambia mbukwenyi huwezi kumjibu tu ukapita. Utaulizwa habari za nyumba, za ng'ombe, za watoto, za mvua, na kila swali lina jibu lake, na jibu lina itikio lake. Majirani walimsalimu mama, wakangoja, kisha wakaondoka wakitazama chini.

Baba yangu mkubwa akaja. Alikaa uani, akamsalimu mara ya kwanza, akamsalimu mara ya pili, halafu akaniita nje.

"Mtu asiyejibu salamu hawezi kushika mbegu," aliniambia. "Unajua hivyo?"

"Baba, atasema. Ana huzuni tu."

"Nani hana huzuni? Yule alikuwa ndugu yangu. Sikiliza. Mvua ya kwanza ikinyesha naye hajafungua mdomo, nitampeleka kwao. Ninyi watoto mtakuja kwangu pamoja na ng'ombe. Mwaka jana uwele ulikauka. Mwaka huu sitangoja watu waseme umekaushwa na mjane wa nyumbani kwetu."

Hakuwa mtu mbaya. Miaka ya njaa ilikuwa imemfundisha kuogopa mapema. Lakini alipoondoka nilitazama mashariki nikaona mawingu madogo yamekaa juu ya vilima, na nikajua muda wetu ulivyokuwa mfupi.

Nilikuwa nimejifunza kusoma kwa mwalimu wa dini aliyekaa kwetu msimu mmoja, na baada ya yeye kuondoka nikaendelea mwenyewe kwa karatasi chache alizoniachia. Jambo hilo lilinipa imani moja: kwamba kila jambo lina neno lake sahihi, na kazi ya mtu ni kulitafuta mpaka alipate. Nikaanza kumtafutia mama neno lake. Nililiandaa kisimani nikiteka maji, nikalipanga, nikawaambia ng'ombe kwanza ili nisikie linavyotoka. Kisha nikamwendea.

Nilianza na faraja. "Mama, usihuzunike. Baba amepumzika kazi za dunia." Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupepeta. Siku nyingine nilitumia shauri: nilimweleza aliyoyasema baba mkubwa, sababu zake, na hasara itakayotupata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chakula. Kisha nikatumia ombi. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema maneno ambayo hata leo nayaona ni mazuri. Akanipangusa vumbi begani, akainuka kwenda kufunga ndama.

Alasiri moja, siku ya upepo, mtu alisimama mlangoni akaomba maji. Alikuwa kijana, labda amenizidi miaka michache, mrefu, mwenye miguu ya vumbi. Alikuwa amevua nguo ya juu na kuifunga kiunoni, na juu ya bega lake la kushoto palikuwa na sugu nene lililong'aa kama goti la ngamia. Nikajua ni Mnyamwezi, mpagazi wa zamani. Akasema msafara aliouzoea umekufa, na sasa anachukua mataruma ya kulaza reli kwenye kambi ya kazi. Nilimpa maji. Alikunywa akitazama ua kwa juu ya kibuyu.

"Nyumba hii mbona kimya?" akauliza. "Kwa Wagogo nimepita mara nyingi. Kimya sijapata kukisikia."

Nikamweleza. Nilimwambia baba amefia kwenye reli na mama hasemi.

"Nani alimzika?"

"Wenzake wa kazi."

"Nauliza watani. Nani alicheza msiba?"

"Hakuna. Maiti haikuletwa. Tena mwalimu alitufundisha kwamba kucheka msibani ni dhambi."

Alinitazama kidogo kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kisimani. Kisha akaweka mzigo wake chini, akanipita, akaingia uani. Kigoda cha baba kilikuwa mahali pake, karibu na nguzo, na tangu siku ile ya blanketi hapana aliyekikalia. Hata kuku walikizunguka. Yule mtu alikivuta kwa mguu, akakikalia, akanyoosha miguu yake miwili yenye vumbi mpaka karibu na jungu la mama, akapiga kelele:

"Yuko wapi yule muuza tope? Nimekuja kutoka Unyamwezi kumdai! Alimpa babu yangu tope akala hongo, akampa baba yangu tope akala nguo, na mimi nimefika zamu yangu, naambiwa amekufa! Amekufa kwa ruhusa ya nani?"

Msomaji wa kwetu atanicheka kwa hili lifuatalo. Nilijua kwamba Wanyamwezi ni watani wetu. Mtoto yeyote alijua. Nilikuwa nimewasikia wakitukanana na baba kisimani maisha yangu yote. Lakini kifo kilinifanya nisahau, na mafundisho mapya yakanisaidia kusahau, na nilichokisikia kilikuwa mtu mgeni akimtukana baba yangu juu ya kigoda chake. Nikachukua fimbo ya kuchungia nikaiinua kwa mikono miwili.

"Weka fimbo chini."

Sauti ilikuwa na kutu, kama ya mtu aliyeamka. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, mwiko mkononi.

"Weka chini, mjinga wewe. Humjui mtani wako?" Kisha akamgeukia yule mtu. "Na wewe, sugu la bega, ondoa hayo matako kwenye kigoda cha mume wangu!"

"Siondoki. Kigoda nimerithi. Nimerithi na mke pia, ila nimemtazama mke mwenyewe, naona afadhali kigoda."

"Utarithi mzigo! Kichwa chenyewe kimebonyea kwa kubebeshwa na watu!"

"Hiki kimebonyea kwa kusikiliza Wagogo. Nipe mlenda, mama wa tope, nimelewa njaa."

"Mlenda wangu hauliwi na mtu aliyetembea mpaka baharini akarudi bila hata samaki!"

"Samaki nilileta. Mume wako alimtoza hongo njiani akala na miiba!"

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomtoka bila kumwomba ruhusa, na nyuma yake kikaja kilio. Alikaa chini pale pale penye jungu, akalia kwa sauti ambayo wadogo zangu waliisikia kutoka korongoni wakaja mbio. Yule mtu hakumwambia anyamaze. Aliendelea kukaa kwenye kigoda, akiitikia kwa sauti ndogo kila baada ya kilio, "Ndiyo, muuza tope. Ndiyo, alituibia. Ndiyo." Akala mlenda wetu wote. Alipoondoka alichukua kibuyu chetu kizuri bila kuomba, kama ilivyo haki ya mtani, na mama akamfuata mpaka njiani akimlaani.

Baba mkubwa alipokuja tena, matone ya kwanza yalikuwa yameshapiga vumbi la ua. Alisimama mlangoni amevaa uso wa mtu aliyekuja kufanya jambo asilolipenda. Akasalimu. Mama akamjibu kuhusu nyumba, akamjibu kuhusu watoto, akamjibu kuhusu mvua, na alipofika kwenye ng'ombe akaongeza kwamba wetu hawajambo, ila amesikia wa shemeji yake wamekonda kama mwenyewe. Baba mkubwa aliitikia yote, kisha akatoka nje akapenga pua kwa muda mrefu. Siku ya pili mama alitoa mbegu chini ya blanketi tukapanda.

Mambo hayo nimeyafikiria kwa miaka mingi, kwa utaratibu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nilijiuliza maneno yangu yalikuwa na kasoro gani. Hayakuwa ya uongo, wala hayakuwa na ukali. Nimeona hivi: yote yalikuwa yamekamilika. Mtu akiambiwa "baba amepumzika", atajibu nini? Nilimjengea mama nyumba nzuri isiyo na mlango. Yule mtani alimletea maneno mabovu, yaliyotoboka kila mahali, na mama hakuweza kuyaacha hivyo. Ilibidi ayazibe kwa maneno yake mwenyewe.

Mvua zote za mwaka ule kambi ya reli ilikuwa karibu nasi, na kila Jumapili yule mtani alikuja kula. Mimi nilimwomba anifundishe. Alicheka sana kwamba utani nao unaweza kufundishwa, kisha akakubali, kwa masharti ya mlenda.

"Haya, nitukane," aliniambia siku ya kwanza. Tulikuwa tukipalilia, alikuwa ameshika jembe la mama na kufanya kazi kuliko sisi sote.

Nilifikiri. Nikasema, "Bega lako la kushoto lina sugu kubwa."

Akasimama. "Hiyo ni habari. Umeniambia ninachokijua. Nikujibu nini, 'Ahsante'?"

"Nikuambie nini basi?"

"Niambie kitu ambacho nikikaa kimya nitaonekana mjinga. Uniache mahali pa kukupiga. Ukitania, mtoto wa tope, usifunge mlango. Mwache mwenzio aingie na rungu lake."

"Na akikasirika?"

"Akikasirika umepima vibaya. Mtazame kwanza. Mimi nilimtazama mama yako kabla sijaketi. Macho yalikuwa yananifuata. Mtu ambaye macho yanamfuata mwizi, huyo yupo hai. Angekuwa anatazama ukuta, nisingekaa kwenye kigoda. Ningekaa chini, kando yake, kimya, siku nzima."

Mama aliitikia kutoka mstari wa pili, "Usimsikilize. Alikaa kwa sababu ya njaa."

"Njaa ilinileta mlangoni," akasema, "uchungu ndio ulioniketisha."

Nadhani ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema jambo hilo bila mzaha, naye aliligeuza haraka kwa kumtupia mama bonge la udongo. Nilitamani kumuuliza uchungu wa nani, maana sisi alikuwa hatujui. Sikuuliza. Nilikuwa bado mtu wa kungoja neno sahihi, na nilipolipata alikuwa ameshaondoka.

Nilijaribu kila Jumapili. Nilikosea mara nyingi. Mara moja nilimtukana mama yake mzazi, naye akanyamaza, nikaona nimepima vibaya. Akanipa kazi ya kumsimulia mama huyo alivyo, ingawa sijapata kumwona, mpaka nikaanza kumfanya mcheshi, mnene, mgomvi kama mama yangu, na yeye akacheka akasema nimekaribia. Polepole nilianza kuwatazama watu kabla ya kusema. Niligundua kwamba mwenye huzuni hasikilizi unachosema. Anasikiliza kama una nafasi ya kumsikiliza yeye. Hilo sikuliona katika karatasi zangu.

Uwele ulipovunwa reli ilikuwa imepita mbele yetu. Kambi ilipaswa kuhamia magharibi, kuelekea kwao. Alikuja kuaga asubuhi, akasimama mlangoni kama siku ile ya kwanza, akaomba maji.

"Naenda nyumbani kwa gari la moshi nililolitandikia kitanda mwenyewe," akasema. "Na wewe, mama wa tope, usife upesi. Nitakuja kukuzika. Nitakula ng'ombe wa matanga, na nitakutukana kaburini mpaka uinuke."

"Utatangulia wewe, mchukuzi. Bega hilo halitafika uzeeni."

"Basi mwanao aje anitukane mimi." Akanigeukia. "Utakuja?"

Nikasema, "Nitakuja kuhakikisha hujaenda ahera na kibuyu chetu."

Alipiga kofi kwa furaha. "Umesikia, mama? Ameacha mlango!" Hakuingia katika mlango huo. Aliinua mzigo wake, akaupandisha juu ya sugu lake, akaondoka kwa hatua zile ndefu za wapagazi, na kwenye migunga alianza kuimba. Mama alibaki njiani mpaka wimbo ulipoisha. Kisha akasema jungu linaungua, nalo halikuwa motoni.

Tangu siku ile mama alikuwa na desturi moja. Kila alipokausha majani ya mlenda alitenga mengine katika kibuyu kidogo, akakitia chini ya boriti ya dari. Mwaka ulipokwisha naye hajaja, tuliyala, naye akatenga mengine mapya. Nilipata kibarua cha kupakua mizigo stesheni, na kila gari lililotoka magharibi nililitazama. Nilituma salamu kwa vinywa vya watu, maana yeye hakujua kusoma. Mara moja tu yalirudi maneno, kutoka kwa mtia makaa wa gari la moshi asiyemjua vizuri aliyemtuma: "Mwambie muuza tope kwamba huku nakunywa maji safi, na hayana ladha." Nilimpelekea mama maneno hayo. Akayarudia peke yake akitwanga, jioni nzima.

Baadaye hayakuja tena maneno. Nikasikia uvumi tu: amekwenda migodini, amekwenda kulima, yuko Tabora. Kisha watu wa boma wakaanza kuzungumzia vita ya Wazungu, na uvumi wenyewe ukaisha.

Siku hizo, kabla vita haijafika kwetu, alikufa Mnyamwezi mmoja aliyekuwa fundi wa njia pale stesheni. Alizikwa haraka na watu wa kazi, wengi wao wa pwani, watu wa adabu waliofanya kila kilichotakiwa. Nilipomwambia mama, aliuliza, "Nani amecheza msiba?"

"Sidhani kama kuna aliyecheza."

"Na wewe umerudi nyumbani kunieleza mimi?"

Nikavaa nguo, nikarudi mjini. Mjane alikuwa ameketi mkekani, wanawake majirani wamemzunguka. Chumba kilikuwa safi na kimya. Njiani nilikuwa nimejiandaa, lakini nilipofika nikasikia mdomo wangu ukisema, "Pole sana kwa msiba. Kazi ya Mungu haina makosa." Akainamisha kichwa. Neno lilikuwa sahihi kabisa. Nikaona nimesimama tena mbele ya mama na faraja yangu mkononi.

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa chini, lakini mkono wangu uliposogea karibu na msumari ilikotundikwa kofia ya marehemu, yale macho yaliinuka yakaufuata. Yupo hai, nikawaza. Nikaiangua kofia, nikaivaa, nikakaa kwenye kiti cha marehemu, nikanyoosha miguu.

"Nani amemruhusu huyu kupita?" nikasema kwa sauti. "Mnyamwezi amekatiza Ugogo kwenda ahera, hajalipa hongo! Hata doti moja ya nguo! Mrudisheni!"

Mwanamke mmoja wa pwani akasema, "Yallah," akaniinukia. Mjane alimshika nguo.

"Akulipe nini, mla mlenda?" Sauti yake ilikuwa hafifu. Kisha ikapanda. "Akulipe nini? Alikunywa maji yenu ya tope miaka yote hii, ndiyo yaliyomuua! Vua kofia ya mume wangu, masikio yako yataitanua!"

"Sivui. Ina harufu ya mzigo, lakini nitaizoea."

"Vua!" Alinirushia kata ya maji, ikanipata kifuani. Akacheka, na nyuma ya kicheko kikaja kile kingine. Nilikaa pale kwenye kiti, kofia kichwani, nguo imelowa, na nilichokifanya tu ni kuitikia, "Ndiyo. Ndiyo, alitupita. Ndiyo." Nilishinda naye mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani. Alinisimulia habari zote za mtu yule.

Nilipomuuliza kama alimjua mtu wa kwao mrefu, mwenye sugu bega la kushoto, mpagazi wa zamani, mcheshi, alinitazama kwa huruma.

"Mtani," akasema, "hao ni wote."

Nyumbani mama alitaka aambiwe kila neno. Nilipofika kwenye hongo ya ahera alipiga paja lake. Halafu akasema, "Na mtani wetu sisi? Huko aliko, kuna Mgogo?"

Safari hii sikutafuta neno sahihi. Nilikaa kando yake chini, tukasikiliza ng'ombe.

Juma lililofuata yule mjane aliondoka kurudi kwao kwa gari la magharibi. Mama, ambaye hakuwa amepata kwenda stesheni kwa sababu aliichukia reli, alitembea nami mpaka pale akiwa na kibuyu kidogo cha mlenda mkavu. Alimpa dirishani.

"Ukimwona mtu mwenye sugu la bega," akamwambia, "mrefu, mwizi wa vibuyu, mpe."

"Na nisipomwona, mama?"

"Basi mpe yeyote mwenye sugu. Mwambie muuza tope bado yupo kisimani, na maji yamezidi kuwa machafu. Mwambie aje alalamike mwenyewe."

Gari likaondoka. Mama akaanza kulitukana, kwa sauti ya kisimani, mpaka watu wa stesheni wakageuka. Alilitukana lilipopita kwenye ishara, akalitukana lilipoingia migungani, na kila alipovuta pumzi alinyamaza kidogo, akitega sikio, kama ilivyo desturi, ili ajibiwe.